MVUTA MAKASIA ALIYERUDI MAJINI BAADA YA MIAKA KUMI

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Morogoro na vijiji vya milima ya Uluguru

KWA MWALIMU WA DARASA: Kabla ya mazungumzo kuanza, andika maneno haya ubaoni. Yasomeni pamoja mara mbili.

Kafi: mti mfupi wenye ubapa wa kusukumia mtumbwi. Hushikwa kwa mikono tu.
Kasia: mti mrefu wenye ubapa. Huegemezwa kwenye ubavu wa chombo, na mtu huuvuta akiwa ameketi.
Kishwara: kitanzi cha kamba kinachoshika kasia lisichomoke. Siku hizi vyombo vingine vina chuma mahali pa kamba.
Usukani: kifaa cha kuongozea chombo.
Bingwa: mtu aliyewashinda wenzake wote.
Medali: nishani ya madini anayovishwa mshindi.
Likizo: siku za mapumziko anazopewa mfanyakazi.

MAZUNGUMZO

Natumaini kila mmoja amekwisha pata mahali pa kukaa, na daftari lake liko karibu. Waliochelewa kwa sababu ya njia za milimani wakaribishwe bila kuulizwa maswali. Tusikilize kwanza, kisha tutaandika.

Nitaanza kwa kukiri kosa langu.

Siku moja wakati wa masika nilitembelea darasa la kisomo upande wa Kinole. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na watu walikuwa wachache. Baada ya somo mama mmoja, muuza ndizi, alisimama nyuma ya darasa. Akasema, "Mwalimu, mimi nilipata kusoma zamani. Nilifika mahali pa kusoma barua ya mtu mwingine nikaielewa. Halafu nikaolewa, nikazaa, nikaacha. Sasa ni miaka kumi. Herufi zimenikimbia. Nataka kujua, kichwa kilicholala miaka kumi huamka?"

Wenzake wakacheka kidogo. Mimi nikajibu upesi, "Huamka, mama, usiwe na shaka." Mama yule akasema, "Ahsante, Mwalimu," akaketi. Lakini niliona usoni pake kwamba sikumjibu. Juma lililofuata niliuliza habari zake, nikaambiwa hakuja.

Jibu langu lilikuwa la kumnyamazisha mtu. Halikuwa la kumsaidia. Nimelifikiri swali lake muda mrefu. Leo nataka kulijibu tena, na nitalijibu kwa kuwasimulieni maisha ya mtu mmoja. Mtu huyu aliacha jambo alilolijua sana, akakaa miaka kumi, akarudi. Na baadaye, alipokuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, alirudi tena darasani. Jina lake ni Ran Laurie. Alikuwa Mwingereza, na kazi yake ilikuwa katika Afrika, nchini Sudani, ambayo wakati ule ilikuwa jirani wa majirani zetu.

Mchezo wenyewe

Kwanza tuelewe mchezo wake. Alikuwa mvuta makasia.

Wengi wenu mmeona mtumbwi. Wavuvi wa bwawa la Mindu wanao. Watu wa mto Kilombero wanao, na wanaujua kuliko mimi. Katika mtumbwi mtu hushika kafi, hutazama mbele, husukuma maji nyuma. Anaona anakokwenda.

Kasia ni jambo jingine. Kasia ni refu, lile la mashindano hupita urefu wa watu wawili wafupi wakisimama mmoja juu ya mwingine. Huwekwa ubavuni mwa chombo katika kishwara au chuma. Mvutaji huketi akiwa ameipa mgongo njia yake. Yeye huvuta, na chombo huenda upande ambao yeye hauoni. Anachokiona ni maji aliyokwisha kuyapita. Shikeni jambo hilo, maana tutalirudia.

Mashua ya mashindano ni nyembamba sana. Mtu akiketi ndani yake, nyonga zake hujaza upana wote. Akijitikisa ovyo hupinduka. Ziko mashua za watu wanane, ambazo huwa na mtu wa tisa, mdogo wa mwili, wa kushika usukani na kutoa amri. Ziko za watu wanne, za watu wawili, na za mtu mmoja.

Mashua ambayo tutaizungumza zaidi leo ni ya watu wawili wasio na mshika usukani. Kila mmoja ana kasia moja tu. Mmoja kasia lake liko kulia, mwingine kushoto. Basi fikirini. Wa kulia akivuta kwa nguvu kuliko wa kushoto, mashua huzunguka. Wa kushoto akiwahi na wa kulia akichelewa, mashua huyumba. Hakuna wa kuwasemesha. Lazima miili miwili ifanye kazi kama mwili mmoja.

Wazee wa Uluguru watakumbuka wapasua mbao wa zamani. Gogo huwekwa juu ya jukwaa. Mmoja husimama juu ya gogo, mmoja chini yake, na msumeno mmoja mrefu kati yao. Wa chini hali vumbi peke yake kwa kupenda. Akilegea yeye, ubao hupinda, na wa juu hawezi kuunyosha. Ndivyo ilivyo mashua ya watu wawili.

Kijana wa chuo kikuu

Ran Laurie alizaliwa mwaka 1915 karibu na mji wa Cambridge katika Uingereza. Mji huo una chuo kikuu cha zamani sana. Kijana huyu akasoma hapo, na hapo ndipo alipopata sifa ya kuvuta makasia.

Chuo cha Cambridge kina mpinzani wake, nacho ni Chuo Kikuu cha Oxford. Tangu mwaka 1829 wanafunzi wa vyuo hivyo viwili hushindana kwa mashua za watu wanane. Siku hizi wanawake nao wana mbio zao. Njia yao iko katika mto Thames mjini London, nayo ni karibu kilomita 7. Watu maelfu husimama kando ya mto kutazama. Laurie alivuta kasia katika mbio hizo mara tatu, mwaka 1934, mwaka 1935 na mwaka 1936. Mara zote tatu Cambridge walishinda.

Mwaka huo wa 1936 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Berlin, Ujerumani. Laurie alichaguliwa katika mashua ya Uingereza ya watu wanane. Aliwekwa mahali pa mvutaji anayeweka mwendo, yaani yule ambaye wengine wote humfuata. Katika fainali Waingereza walitoka wa nne. Waliotangulia walikuwa Wamarekani, kisha Waitalia, kisha Wajerumani.

Na hao Wamarekani walikuwa akina nani? Nao walikuwa wanafunzi, wa Chuo Kikuu cha Washington. Wengi wao walikuwa watoto wa watu wa kazi za mikono, na wengine walifanya kazi ngumu ili wapate karo. Walifika mbele ya Waitalia kwa muda usiotimia sekunde moja.

Basi Laurie alirudi kwao bila medali. Alikuwa na umri wa miaka 21.

Kazi katika Sudani

Baada ya masomo alipata kazi katika serikali ya Sudani. Wakati ule Sudani ilikuwa chini ya Waingereza na Wamisri. Serikali ile ilipenda kuchukua vijana wa vyuo vikuu waliokuwa hodari wa michezo. Rafiki yake mmoja wa Cambridge, Jack Wilson, naye mvuta makasia, alichukuliwa pia.

Hapa natua kidogo, maana najua mzee mmoja darasani anasema moyoni, "Huyu alikuwa mkoloni. Mbona tunasomeshwa habari zake?"

Swali hilo ni la haki. Kwetu hapa pia walikuwako maofisa wa namna hiyo. Mwaka 1955 watu wa Matombo walipinga amri ya kuchimba matuta ya ngazi mashambani, na palitokea ghasia. Hatukusahau. Sudani ilipata uhuru mwaka 1956, nasi Tanganyika mwaka 1961, na hakuna anayeulilia utawala ule. Lakini mtu akivuka mto vizuri, unaweza kujifunza mahali pa kukanyaga, hata kama safari yake si yako. Tutachukua lile linalotufaa, tuache lingine.

Mwaka 1938 Laurie na Wilson walipata likizo, wakaenda kwao Uingereza. Wakaingia pamoja katika mashindano ya mashua za watu wawili katika mji wa Henley, kando ya mto Thames. Wakashinda. Kisha likizo ikaisha, wakarudi Sudani.

Mwaka uliofuata vita kuu ya pili ikaanza. Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1940 haikufanyika. Ya mwaka 1944 nayo haikufanyika. Baadhi ya vijana waliovuta pamoja na Laurie kule Berlin waliuawa vitani. Yeye na Wilson waliendelea na kazi Sudani, kwenye joto na mchanga, mbali na mto Thames. Miaka ya ujana, ambayo mwanamichezo huihesabu kama mkulima anavyohesabu siku za mvua, ikapita.

Kurudi majini

Mwaka 1948 Michezo ya Olimpiki ilifufuliwa, na safari hii ilikuwa London. Nchi ya Uingereza ilikuwa imechoka kwa vita. Chakula kiligawanywa kwa kipimo. Hawakujenga viwanja vipya. Wageni walilazwa katika kambi za askari na katika majumba ya shule. Mbio za mashua ziliwekwa palepale Henley.

Laurie na Wilson wakapata likizo tena. Kila mmoja alikuwa na umri wa miaka 33. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu waliposhinda pamoja. Wakaamua kujaribu.

Sasa, ndugu zangu, hapa ndipo penye jibu la mama wa Kinole. Tusiseme uongo. Mwili uliokaa miaka kumi husahau. Viganja hulainika, na kasia huwatoa malengelenge kama jembe linavyomtoa mtu aliyekaa mjini. Pumzi hupungua. Mgongo hulalamika. Walikuwa na majuma machache tu, wala si miaka, ya kujitayarisha.

Lakini kuna kitu ambacho hakikusahauliwa. Mtu aliyejifunza jambo kwa kweli hubaki na njia yake ndani ya mwili, hata kama nyasi zimeota juu yake. Nanyi mnajua habari za njia. Njia ya kwenda shamba la zamani mlimani ikiachwa mvua mbili, tatu, huifahamu tena kwa macho. Lakini ukianza kufyeka, mguu hukumbuka. Hapa palikuwa na jiwe. Hapa tulipinda. Kufyeka njia ya zamani si kazi ndogo, lakini si sawa na kukata njia mpya msituni.

Tena kila mmoja alikuwa na mwenzake. Walijuana tangu chuo kikuu. Walikuwa wametumika nchi moja. Mmoja akichoka, mwingine alijua bila kuambiwa.

Mwezi wa Julai walishinda tena yale mashindano ya Henley waliyoyashinda miaka kumi nyuma. Watu wakawapa jina la utani, "Panya wa Jangwani", kwa kuwa walitoka kwenye mchanga wa Sudani.

Siku ya fainali

Fainali ya Olimpiki ilikuwa tarehe 9 Agosti, mwaka 1948. Mto pale Henley si mpana, kwa hiyo mashua tatu tu zilishindana kwa mara moja. Walikuwako Waingereza wetu wawili. Walikuwako Waswisi, ndugu wawili wa ukoo mmoja, Hans na Josef Kalt. Na walikuwako Waitalia, Felice Fanetti na Bruno Boni.

Njia ilikuwa karibu kilomita 2. Mtu akiisikia habari hiyo husema, kilomita mbili si kitu, mimi huzipanda nikiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Kweli. Lakini hao walizimaliza kwa nguvu zote za miguu, mgongo na mikono, bila kupumzika hata mvuto mmoja. Laurie na Wilson walitumia dakika 7 na sekunde 21. Waswisi walikuja nyuma yao kwa muda usiofika sekunde tatu. Waitalia wakawa wa tatu.

Hesabuni sekunde tatu pamoja nami: moja, mbili, tatu. Hizo ndizo zilizotenga medali ya dhahabu na medali ya fedha.

Siku ileile Waingereza wengine wawili, Bert Bushnell na Richard Burnell, walishinda katika mashua ya watu wawili ambamo kila mtu ana makasia mawili. Katika michezo yote ya mwaka ule Uingereza ilipata medali tatu tu za dhahabu. Mbili kati ya hizo zilitoka katika mto ule, siku ile.

Na mabingwa wetu walifanya nini baadaye? Likizo iliisha. Wakarudi kazini Sudani.

Shule tena

Wengi wanaosimulia habari za Laurie huishia hapo. Kwa darasa la kisomo, mimi naona sehemu kubwa zaidi ndiyo inaanza.

Mwaka 1954 aliacha kazi Sudani. Wasudani walikuwa wanajitayarisha kushika nchi yao. Laurie alikuwa na umri wa miaka 39, mke, na familia ya kulisha. Watu wa umri wake waliotoka kazi za namna hiyo walitafuta kiti cha ofisini, wakasubiri uzee. Yeye aliamua kuwa daktari.

Udaktari hausomwi kwa mwezi mmoja. Ni miaka. Ilimbidi akae darasani na vijana ambao angeweza kuwazaa. Ilimbidi ajifunze majina ya mifupa, ya mishipa na ya dawa. Yeye aliyekuwa amezoea kutoa amri, sasa alisahihishiwa daftari. Yeye ambaye watu walikwisha kumpigia makofi, sasa alikuwa mwanafunzi ambaye hajui.

Akavumilia, akafaulu. Akawa daktari wa familia katika mji wa Oxford, yaani mji wa wale wapinzani wake wa zamani. Huko alitibu watu wa kawaida kwa miaka mingi: homa za watoto, vifua vya wazee, mimba za akina mama. Aliaga dunia mwaka 1998, akiwa na umri wa miaka 83. Rafiki yake Wilson alikuwa amemtangulia mwaka mmoja kabla.

Medali katika saraka ya soksi

Laurie alikuwa na watoto wanne. Mdogo wao, Hugh, alizaliwa mwaka 1959. Naye alisoma Cambridge, akavuta kasia katika mbio dhidi ya Oxford mwaka 1980. Mashua yao ilishindwa kwa umbali wa futi 5 tu. Baadaye akawa mwigizaji mashuhuri, na sifa yake kubwa aliipata kwa kuigiza daktari katika mchezo wa televisheni wa Kimarekani. Yeye mwenyewe amepata kusema kwamba ni jambo la kuona haya, kuwa analipwa zaidi kwa kujifanya daktari kuliko baba yake aliyekuwa daktari kweli.

Hugh amesimulia pia kwamba alikua kwa muda bila kujua kuwa baba yake alikuwa bingwa wa Olimpiki. Baba hakulizungumza. Medali haikutundikwa ukutani. Ilikaa katika saraka, pamoja na soksi.

Wengine watasema, huo ni unyenyekevu uliozidi. Huenda. Mimi najua kwamba mtu anayetazama ukutani kila siku ushindi wake wa zamani huona vigumu kukaa chini na kujifunza alifabeti ya kazi mpya. Laurie aliiweka dhahabu mahali pa soksi, akaenda darasani.

Wavuta makasia na mabingwa wa kwetu

Mtauliza, je, Afrika Mashariki haina wavuta makasia? Wako. Mwanamke mmoja aliyezaliwa Kampala, Kathleen Noble, alijifunza mchezo huu alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Mwaka 2021 alikwenda Tokyo, akawa mtu wa kwanza wa Uganda kuvuta makasia katika Olimpiki. Mwaka 2024 alikwenda tena, Paris. Hakupata medali. Alifungua njia, na aliyefungua njia hatupimi kwa medali.

Kwetu Tanzania, hadi Michezo ya mwaka 2024 ilipomalizika, hatujapata medali ya dhahabu ya Olimpiki. Tuna mbili za fedha, na zote ni za mwaka 1980 kutoka Moscow. Moja ni ya Filbert Bayi, katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Nyingine ni ya Suleiman Nyambui, katika mita 5,000. Nyambui naye alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, huko El Paso, Texas. Na mwaka 1968 John Stephen Akhwari aliumia goti katika mbio ndefu za Mexico, lakini alifika mwisho wa njia, giza likiwa limekwisha ingia na washindi wamekwisha vishwa medali zao. Jina lake linatajwa duniani hadi leo.

Tunajifunza nini?

Sasa nimwambie mama wa Kinole yale niliyopaswa kumwambia siku ile. Huenda ananisikia.

Mama, kwanza nitasema ukweli. Bwana Laurie hakuwa na mzigo wako. Alikuwa na mshahara. Alikuwa na likizo. Alikuwa amesomeshwa tangu utoto. Wewe unaamka kabla ya jua, unashuka mlima na ndizi, unapanda tena, unapika, ndipo unashika kalamu. Sitakuambia kwamba safari zenu ni sawa. Hazifanani.

Lakini mambo matatu yanakufaa.

La kwanza, ulichojifunza hakikufa. Kimefunikwa na nyasi. Usianze na barua ndefu. Anza na jina lako, majina ya watoto wako, majina ya vitu unavyouza. Andika ndizi, nanasi, magimbi. Herufi moja itamwita mwenzake. Utachoka mwanzoni kuliko ulivyochoka ulipokuwa msichana, na uchovu huo hauna maana kwamba umeshindwa. Ni malengelenge ya kasia.

La pili, tafuta mwenzako. Usisome peke yako. Mwambie jirani, "Dada, nisikilize nikisoma, nami nitakusikiliza." Mkikaa wawili, siku usiyotaka kuja yeye atakupitia, na siku asiyotaka yeye utampitia wewe. Na wale mliocheka darasani siku ile, pamoja nami niliyejibu haraka, tulimwacha mama huyu avute kasia la upande mmoja. Mashua ya namna hiyo huzunguka tu mahali pamoja.

La tatu, kumbukeni jinsi mvuta makasia anavyokaa. Hauoni mwisho wa njia. Mwanafunzi mzima naye hauoni. Husema, "Nitasoma gazeti lini? Nitaandika barua lini?" Geuza macho, tazama maji uliyokwisha kuyapita. Mwezi uliopita hukujua kutofautisha b na d. Leo unajua. Hicho ndicho kipimo chako cha kila siku.

Mwaka 1970 nchi yetu iliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 watu walikusanyika kuzunguka redio vijijini, wakajifunza habari za afya katika kampeni ya Mtu ni Afya, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Waliokaa chini ya miti ile walikuwa baba na mama zenu, na babu na bibi zenu. Wengi walikuwa na mvi. Kama wao hawakuona haya, nasi tusione.

Darasa la Kinole, nawaomba jambo moja. Kabla ya somo lijalo, wawili wenu wapite nyumbani kwa mama yule. Msimwambie kwamba Mwalimu amemsema redioni. Mwambieni tu kwamba nafasi yake kwenye benchi ipo, na daftari lipo.

Kwa herini, ndugu wasikilizaji. Sasa shikeni kalamu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kafi na kasia vina tofauti gani? Nani katika darasa amewahi kutumia kimojawapo? Atuonyeshe.
2. Kwa nini Laurie hakupata nafasi ya kushindana katika Olimpiki mwaka 1940 na mwaka 1944?
3. Laurie alizaliwa mwaka 1915. Alishinda mwaka 1948. Alikuwa na umri gani? Andikeni hesabu hiyo madaftarini.
4. Je, inafaa kujifunza kwa mtu ambaye kazi yake hatukuipenda? Wazee waseme, na vijana waseme.
5. Ni nani katika kijija chetu aliyeacha kisomo? Ni jambo gani lilimfanya aache: kazi, ugonjwa, njia, au kuchekwa? Darasa lifanye nini?

KAZI YA KUANDIKA

Nakili sentensi hizi mara mbili kwa mwandiko wa kusomeka:

Mvuta makasia huona maji aliyokwisha kuyapita.
Njia ya zamani hufyekwa, nayo hupitika tena.
Nafasi yako kwenye benchi ipo.

Kisha andika sentensi moja yako mwenyewe, ukieleza jambo ulilolijua zamani ambalo ungependa kulirudia.